Uzito wa Kiko cha Mama Mkwe

Kiko cha mama mkwe wangu kilianguka mara ya pili siku ya Jumanne, alasiri, akiwa ameketi barazani kwetu Maisaka. Mara ya kwanza kaa la tumbaku lilitoboa kanga yake. Safari hii lilidondokea kwenye godoro la sponji alilokalia, na kabla hatujalimwagia maji lilikuwa limechimba shimo la kuingiza ngumi. Mke wangu alimimina ndoo nzima, kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba kikianguka tena anakitupa chooni. Mama yake akamjibu kwamba siku hiyo hiyo arudishwe kwake Sigino.

Sote watatu tulijua maana ya Sigino. Nyumba yake huko haina mtu na maji yako mbali. Tangu alipopigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia haufanyi kazi na wa kushoto unatetemeka. Hawezi kukoka moto wala kujiinua kitandani. Tena ni mtu wa kutimiza anachosema. Ilituchukua miezi minne ya kumbembeleza kabla hajakubali kuhamia kwetu, kwa sababu kwa alivyolelewa, mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe ni jambo la aibu. Daktari alikuwa amemwambia aache tumbaku. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na njiani akaagiza kiberiti.

Mimi ni fundi mizani. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwenye vitabu chakavu vya sokoni na kwa kufungua vitu vilivyoharibika. Kwa hiyo nilikichukua kile kiko kama ninavyochukua mzani unaodanganya: kupima kwanza, kulaumu baadaye.

Kilikuwa na mrija wa mwanzi wa urefu wa shibiri mbili na nusu, na kichwa kizito cha mti kilichoungua ndani hadi kuwa cheusi. Nilikilaza juu ya makali ya kisu nikakisogeza polepole mpaka kikatulia. Kilitulia vidole vitatu tu kutoka kichwani. Hapo nikaelewa. Miaka yote mkono ndio uliobeba uzito, meno yakielekeza tu. Mkono ulipokufa, taya liliachiwa fimbo ndefu yenye jiwe mwishoni.

Dawa rahisi ilikuwa kukata mrija. Nilimtuma mke wangu akamuulize mama yake, na jibu likaja kwamba kiko kifupi ni cha madereva. Kinachoma ulimi na kufukiza macho. Alikuwa sahihi. Urefu ndio unaopoza moshi. Basi urefu ukabaki, nikapunguza uzito. Nilichonga kichwa kipya kwa mzeituni mwitu, mti unaovumilia moto, kuta zake nyembamba kadiri nilivyothubutu. Ncha ya kuuma niliichonga kwa pembe ya ng'ombe, pana na bapa kama mdomo wa bata, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa viko vyote nilivyoviona kwenye picha za simu.

Mimi sivuti. Nilijaza kichwani mchanga wenye uzito sawa na tumbaku yake, nikakiuma, nikaachia mikono, nikahesabu mpaka mia tatu. Taya halikuchoka. Nikaandika kwenye daftari: kinafaa.

Alhamisi jioni mke wangu alimwashia. Aliketi mbele yake kwenye kigoda, ndoo ya maji kati ya miguu. Mimi nilisimama mlangoni. Mama alivuta mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mrija ulianza kuzunguka kuelekea kushoto. Aliukaza kwa meno, ukazidi kuzunguka, kichwa kikapinduka na kaa likadondoka sakafuni, kikafuatia kiko chenyewe. Sakafu ni saruji, hakuna kilichoungua. Lakini mke wangu alikuwa tayari amesimama, mkono mbele.

"Hiyo ni ya tatu, mama."

Mama aliweka fimbo yake ya kutembelea juu ya mrija, akaubana sakafuni. Binti yake hakuusogeza mkono. Kisha mama akanigeukia mimi.

"Mkwe, hiki ulimchongea nani? Punda?"

Akacheka, na kwa kuwa bado nilikuwa nafuatilia kile kiko kilikopitia, nikajikuta namtazama usoni. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa namwambia shikamoo nikiangalia miguu yake au ukuta. Hiyo ndiyo adabu niliyofundishwa nilipomwoa binti yake. Sikuwahi kumwona kinywa. Chini, mbele kabisa, meno mawili hayakuwepo, na hayakuwa yameondolewa na uzee. Kwa wafugaji wa upande wa Hanang alikozaliwa, wasichana wa rika lake walikuwa waking'olewa meno hayo mawili wangali wadogo. Mke wangu alikulia shuleni, meno yake yote anayo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema hakuna aliyemuuliza.

Mwanzi wa zamani ulikuwa mwembamba na wa mviringo, ukiingia kwenye lile pengo kama komeo kwenye tundu lake. Kilichomshinda kilikuwa uzito peke yake. Mimi niliondoa uzito, kisha nikaondoa na komeo. Nilipima kila kitu isipokuwa mdomo, na mdomo nikauazima wangu.

Niliomba siku moja.

"Mpaka kesho jioni," alisema mke wangu. "Sitaki kumzika mama yangu akiwa ameungua."

Ilibaki kupima pengo, na mkwe hawezi kumwambia mama mkwe afungue kinywa. Mama mwenyewe ndiye aliyepata njia. Aliagiza kipande cha nta, akakipasha kwenye kiganja, akageukia ukutani akakiuma. Akampa binti yake, binti yake akanipa mimi. Usiku huo nta ililala kwenye maji baridi, na asubuhi nikachonga pembe nyingine kwa kuifuata: ncha ya mviringo, shingo nyembamba mahali pa pengo, na kifundo kidogo cha kukaa nyuma ya meno.

Ijumaa jioni tuliketi vilevile. Mke wangu alikiwasha, akarudi kwenye kigoda, akaishika ndoo kwa mikono yote miwili. Mama alikilaza kiko kwenye pengo na kushusha mkono wake unaotetemeka mapajani. Kichwa kilishuka kidogo, kikatulia. Alivuta. Alikohoa, na mimi nikasogea hatua moja. Kiko kilitikisika, hakikuzunguka. Katikati alimwambia binti yake aende akapike, sisi wengine tuna njaa. Mke wangu hakuondoka. Alikaa mpaka moshi ulipokatika, akaingiza kidole kwenye jivu na kukiacha humo kitambo, mpaka akaridhika kwamba limepoa.

Kisha akakichomoa kiko taratibu kinywani mwa mama yake, akakikung'uta kwenye maji ya ile ndoo, na kumuuliza angependa kiwe kinawekwa wapi.

Mama alionyesha ukutani, juu ya kitanda chake.

"Hapo," alisema. "Nikikiona nilale."