Meno ya Kitambaa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alirudi Malindi kutoka Mombasa na vitambaa vilivyokwisha kukatwa dukani: miraba ya pamba, yote kipimo kimoja, imefungwa kwa utepe. Tukakubaliana tushone tandiko la kitanda cha binti yangu, aliyekuwa akiolewa Mambrui. Nusu yake, nusu yangu, kisha tuunge katikati. Katika ukoo wao, aliyeshona tandiko ndiye anayelitandika siku wanawake wanapokuja kutazama chumba cha bibi harusi. Nilitaka kukitandika kitanda cha mwanangu kwa mkono wangu.

Miraba ile ilikuwa na meno kingoni, madogo kama ya msumeno.

"Yakate hayo kwanza, wifi," aliniambia. "Mshono haunyooki juu ya meno. Au mkono umeshaanza kutetemeka?"

"Utatangulia wako, wewe uliyenizidi miaka."

Tulicheka. Nikakaa ukumbini siku tatu na rula na mkasi. Kila ukingo niliuondoa upana wa punje ya mtama. Vipande mia na sitini na viwili: kumi na minane kwenda urefu, tisa kwenda upana. Nilishona polepole, nikapiga pasi kila mshono.

Siku ya kuunga, tulizilaza nusu mbili mkekani. Yangu ilikuwa fupi kwa inchi nne na nusu, na hakuna mshono uliokutana na mwenziwe. Niligeuza nusu yake. Upande wa ndani, meno yote yalikuwapo.

Nilichukua tepu nikapima kipande kilichobaki kwenye furushi. Kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino, inchi tano kamili. Meno yalikuwa ndani ya kipimo. Yamewekwa ili nyuzi zisichomoke, na mshono huyaficha wenyewe.

"Mbona wewe hukukata?"

"Ala! Nilipitiwa, wifi."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa nusu nyingine ya tandiko, imeshonwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akailaza pahali pa yangu. Mishono ikakutana yote.

Mtu aliyepitiwa hashoni vipande mia na sitini na viwili vya akiba.

Binti yangu aliingia na birika la chai. Alitazama mkekani, na uso wake haukubadilika. Hilo ndilo lililonikata.

"Ulijua?"

Aliweka birika chini kwanza. "Shangazi alinionyesha nusu hii kabla hujaanza kukata. Mama, tafadhali usilikuze. Yeye hana binti wa kumtandikia."

"Na mimi ninao wangapi?"

Alianza kumimina chai. Wifi alikuwa ameinama, akipachika pini katikati.

Siku yenyewe wifi alitandika. Vigelegele vilipigwa, wakamsifu mikono, akasema, "Tumeshirikiana na mama yake." Wakanigeukia mimi pia, nikatabasamu. Binti yangu alinisogezea mto ili niuweke mimi. Niliuweka. Nilipolinyoosha tandiko chini yake, pembe ilifunuka kidogo, nikayaona meno, mazima, yamepangana jino kwa jino.

Nusu yangu iko sandukuni. Binti yangu amekuja nyumbani mara nyingi tangu aolewe, na hajaiulizia.