Nyumba Kabla ya Jeneza

Kwanza nieleze jambo moja, maana watu wa mbali huwa hawanielewi. Mimi nilikuwa na kwetu. Mama yangu alikuwepo Kosele, boma lilikuwepo, hata mbwa alinijua. Kitu ambacho sikuwa nacho ni nyumba. Kwetu Waluo, mwanamume mzima halali ndani ya nyumba ya mama yake. Kula atakula, moto wa jikoni ataota, lakini wakati wa kulala lazima awe na mlango wake mwenyewe kwenye boma hilo. Asipokuwa nao, hana pa kulala, na hakuna mama atakayevunja mwiko huo hata akimpenda mwanawe namna gani. Nyumba yangu ya ujana ilianguka mwaka mmoja wa mvua nyingi, nami nikiwa Migori nikinyoa watu na kujiona nimefika. Nilisema nitajenga tena. Nilisema hivyo kila Krismasi.

Migori nilikuwa na kibanda changu cha kinyozi karibu na soko. Kilikuwa na kiti kimoja kizito cha chuma, kile cha kupanda na kushuka, vioo viwili, mashine na redio. Na mdomo wangu. Usinione hivi, mdomo ndio uliokuwa ukileta wateja; mashine kila mtu anayo. Nilijua nani anataka kuhama chama. Nilijua nani amenunua ng'ombe mnadani Ogwedhi, na ng'ombe mwenyewe kwa nini anachechemea. Mtu alikuja kutoa ndevu tu, akakaa saa mbili.

Halafu mdomo ukaisha. Watu hutaka sababu, na mimi huwa nakasirika nikiulizwa, kwa sababu sina. Hakuna aliyekufa. Mke niliyekuwa naye aliondoka miaka minne nyuma, tukaachana bila matusi, na nilikuwa nimeshazoea. Asubuhi moja tu niliamka nikaona viatu viko mbali. Vilikuwa pale mlangoni, hatua tatu, na nilivitazama mpaka saa sita mchana. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Nikifika kazini nilinyoa kimya, na mteja akiniuliza, "Mzee, mbona leo umenyamaza?" niliona kama ananipigia kelele. Wateja hawakugombana na mimi. Walihamia kwa jirani, mmoja mmoja, na mimi nikawaona wakipita.

Chumba nilichopanga kikanishinda, nikahamia kulala kwenye kile kiti cha kinyozi. Baadaye mwenye ploti akabadilisha kufuli. Simlaumu hata kidogo, alinivumilia kuliko ambavyo mimi ningemvumilia mtu. Nikapata pa kulala kwenye veranda ya duka la mbao ambako mlinzi alikuwa mtu mwema. Nguo nilizokuwa nazo zilitosha mfuko mmoja.

Mnadhani shida ya mtu asiye na nyumba ni usiku. Shida ni mchana. Mchana lazima uwe mahali. Ukikaa sokoni bila kuuza wala kununua, wanakutazama. Ukikaa stegi, makanga anakuvuta kwenye gari la Isebania na huna safari. Ukikaa kanisani, mtu atataka kukuombea, na mimi siku hizo sikutaka mtu aniguse kichwa. Nilizunguka na mfuko wangu mpaka nikagundua hospitali.

Hospitalini hakuna anayekuuliza unangoja nini. Nilijinunulia daftari kama wagonjwa wengine, nikaandika jina langu juu, nikakaa kwenye benchi. Foleni ikisogea, nasogea. Nikikaribia mlango wa daktari namwambia aliye nyuma yangu, "Pita mama, mimi bado naweza kungoja," kisha narudi mwisho. Nilibarikiwa sana kwenye lile benchi. Akina mama waliniombea maisha marefu, kitu ambacho sikukitaka, na nikajibu amina. Nilikaa hivyo karibu wiki tatu.

Aliyenikamata ni muuguzi mmoja wa makamo, Mkuria, ndiyo maana tuliongea Kiswahili. Alisimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Wewe baba wa kupitisha watu. Unaumwa na nini?"

"Siumwi, sista."

"Basi kuja ndani uniambie vile huumwi."

Nikaenda, kwa sababu benchi zima lilikuwa linanitazama. Akaniuliza kama nalala, kama nakula, ninaishi wapi. Nikajibu neno moja moja. Halafu akaniuliza kama huwa nafikiria kufa. Aliuliza vile mgonjwa huulizwa iwapo anakohoa, bila kupunguza sauti, na mimi nikasema ndiyo. Ilitoka yenyewe. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia kwa maneno. Nililia pale mbele yake mpaka aibu ikaisha, naye akaendelea kuandika kwenye lile daftari langu ambalo lilikuwa jeupe.

Akamwita daktari wa mambo hayo. Huyo akaniambia huu ni ugonjwa, una jina, na una dawa. Akasema sonona, neno nililokuwa nimelisikia redioni nikadhani ni la watu wenye nafasi. Siwezi kueleza jinsi nilivyofarijika. Miezi yote hiyo nilikuwa nimejihukumu kwamba ni uvivu.

Kisha wakataka namba ya simu ya mtu wa kwetu. Namba niliyoijua kichwani ilikuwa moja tu, ya mama, na nilikataa kuitoa. Sista akakaa tu akinitazama. Nikamweleza kwamba mama akija atanipeleka nyumbani, na nyumbani sina pa kulala, na mtu wa miaka thelathini na tisa kurudi bomani na mfuko mmoja, bila mlango wake, ni kumwaibisha mama mbele ya ukoo mzima. Heri veranda. Sista akasema, "Hiyo ya kulala muachie mama yako. Wewe nipe namba." Nikampa.

Mama alifika kesho yake kabla ya saa nne, amebeba viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa. Ni mwanamke mdogo wa mwili na mkali. Hakulia. Alinisogelea akanusa. "Unanuka, nyathina," akasema. Nyathina ni mwanangu, na alikuwa hajaniita hivyo tangu nianze kunyoa ndevu. Kisha akamgeukia sista kuuliza kinachohitajika. Sista akasema ni dawa kila jioni, chakula, mtu wa kunitazama kila siku nisiachwe peke yangu, na mahali pangu pa kulala, si leo hapa kesho pale. Mama akahesabu kwa vidole.

"Vitatu ninavyo," akasema. "Cha nne kitapatikana."

Siku za kwanza nililazwa kwenye stoo ya baba mdogo, boma la pili, kati ya magunia ya mahindi. Baba mdogo alitandika mkeka mlangoni akalala hapo, akisema siku hizi wezi wa mahindi wamezidi. Hatujawahi kuibiwa mahindi katika ukoo wetu, na nadhani alijua kwamba najua.

Siku ya tatu mama akawaita baba zangu wawili, mkubwa na mdogo, ndugu za marehemu baba, chai ya saa nne. Mimi nilikaa pembeni kwenye kigoda na kikombe changu. Akawaambia anataka nyumba ya kijana wake, na anaitaka wiki hii.

Baba mkubwa akacheka kwa heshima. "Nyar Kabondo," akasema, kwa maana mama alizaliwa Kabondo na ndivyo anavyoitwa, "mwanamume hujijengea. Acha apone kwanza. Atafute kazi, atafute mke. Mwaka ujao, tukishavuna, tutakaa tuongee."

"Shemeji, nikuulize kitu. Huyu akifa kesho mtamzika wapi?"

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Kwetu haya si maneno ya kusemwa, tena mbele ya mwenyewe. Baba mkubwa akasema, "Hayo ya nini sasa?"

"Nauliza tu. Mtamzika hapa?"

"Tutamzika hapa. Ni kwao."

"Bila nyumba?"

Mwanamume mzima wa kwetu hazikwi bomani kama hana nyumba. Akifa bila nyumba, ukoo unasimamisha moja haraka kabla mwili haujatoka mochari, alale ndani usiku mmoja, kisha azikwe kama mtu mwenye boma lake. Nimeona nyumba nyingi za hivyo. Mtu alilala miaka barabarani, na siku alipokufa watu wakampigia mabati mapya.

"Hapana," akasema baba mkubwa. "Tungemjengea."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Tatu kukiwa na mvua."

"Na mabati yangetoka wapi?"

"Yangetoka tu. Watu huchanga."

"Basi changeni," mama akasema. "Ile nyumba mngemjengea akifa, mjengeeni sasa akiwa bado anaweza kulala ndani yake. Na mshukuru, hata ng'ombe wa matanga mmeokoa."

Nilikuwa nimekaa pale nasikia mazishi yangu yakipangwa. Kwanza nilikasirika, na hata hasira ilikuwa mgeni, maana nilikuwa sijahisi chochote kwa muda mrefu. Kisha nikamtazama baba mdogo, nikamwona anajaribu kutocheka kwa ajili ya huyo ng'ombe, mabega yanatikisika. Na mimi nikacheka. Chai ilinitoka puani. Mama akanitazama kidogo, kisha akaangalia pembeni akijifanya anafukuza kuku.

Wakajenga. Kesho yake asubuhi boma lilijaa wanaume na majembe, wamekuja kwa ule mwendo wa haraka ambao watu huja nao kwenye msiba, isipokuwa hakukuwa na kilio. Baba mkubwa akanipa jembe nichimbe shimo la nguzo ya kwanza, akasema nyumba ya mtu aliye hai lazima mwenyewe aguse udongo. Nilichimba vibaya na kwa muda mrefu, dawa zilikuwa bado zinanifanya mzito na mdomo mkavu, na hakuna aliyeninyang'anya jembe. Wanawake wakaleta maji, tukakanyaga udongo kwa miguu, kuta zikakandikwa. Siku ya tatu mabati yalikuwa juu, yamechanganyika, mengine mapya na mengine yana matundu ya misumari ya zamani. Kitanda kiliingia vipande vipande, kikaungwa ndani.

Mlango niliuona ni mwembamba. Nikiingia na beseni la maji ilibidi nigeuke upande. Nikadhani mbao zilikuwa zimepungua, na mtu aliyejengewa bure hakosoi mlango. Usiku wa kwanza nilijifungia kwa ndani, nikalala mpaka nikasikia mama anagonga na uji.

Sitadanganya kwamba nilipona siku hiyo. Zipo asubuhi ambazo viatu vilikuwa mbali tena, hata mwaka huu zipo. Tofauti ni kwamba mama yuko hatua kumi, na nisipotoka anakuja kusimama nje ya mlango akilalamika kuhusu bei ya sukari mpaka nichoke nitoke. Dawa nikawa nachukua hospitali ya karibu, huku Homa Bay, na Migori nikaenda mara moja tu, mwezi wa nne tangu nijengewe, kumsalimia yule sista. Alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, akasema, "Sasa wewe unakaa kama mtu mkubwa, wa kupitishwa foleni." Nikacheka njia nzima mpaka sokoni.

Huko sokoni mwenye ploti alikuwa na mpangaji mwingine, na kile kiti changu cha chuma alikuwa amekiweka uani, amekifunika na gunia. Akaniambia nikichukue, kimemzuia kuanika nguo.

Kilifika Kosele juu ya gari, na kutoka barabarani baba mdogo na mimi tukakisukuma kwa mkokoteni. Tukakibeba mpaka mlangoni. Hakikuingia. Tukakigeuza upande, hakikuingia. Tukakilaza, tukatoa mikono yake, tukakisimamisha kichwa chini, jasho linatutoka, na mimi mdomo wangu ulikuwa umesharudi wote.

"Huyu ni fundi gani?" nikasema. "Fundi mzima anajenga nyumba bila kupima mlango. Hata mtoto wa chekechea angejua mlango hupimwa."

Mama alikuwa ameketi nje ya jiko lake anachambua maharagwe.

"Alipima," akasema. "Kipimo nilimpa mimi."

"Kipimo gani hicho, mama?"

"Nilimwambia aende kwa yule anayeuza majeneza pale sokoni, apime upana wa jeneza la mtu mzima. Halafu kwenye mlango apunguze."

Akaendelea na maharagwe yake. Baba mdogo aliachia upande wake wa kiti taratibu, akavua kofia, akairudisha. Mimi nikautazama ule mlango niliokuwa nikiupita kila siku kwa miezi minne, kisha nikainama nikaanza kurudishia kiti mikono yake.

Kiti kikabaki nje, chini ya ukingo wa paa, na hapo ndipo ninaponyolea watu mpaka leo. Baba mdogo ndiye aliyekikalia wa kwanza, siku ile ile. Nilimfunga kitambaa shingoni nikaanza kumsimulia habari za Migori, moja baada ya nyingine, mpaka akaniomba ninyamaze kidogo, masikio yanamuuma. Sikunyamaza.