Sindano ya Mbwa Asiye na Adui

Kazi ya bwana mmoja ilikuwa kusafisha vizimba vya panya katika maabara ya chuo, lakini mtaani alijitambulisha kuwa mtafiti. Majirani wakamwita Daktari wa Panya, naye akajifanya hasikii hilo neno la mwisho.

Pale maabara walikuwa wakijaribu dawa ya kumbukumbu. Panya alifundishwa njia ya kukifikia chakula, akachomwa sindano papo hapo, na wiki nyingi baadaye bado aliijua njia ile wakati wenzake wameshaisahau. Mtafiti mkuu, mama mmoja mpole, aliwaeleza wafanyakazi kwamba dawa haichagui: hukaza kumbukumbu ya lolote lililompata mnyama muda ule, zuri au baya. Bwana wetu wakati huo alikuwa anachezea simu.

Nyumbani alikuwa na mbwa asiye na adui. Mwizi aliruka ukuta, akaanua nguo zote kambani, na mbwa akamsindikiza mpaka getini akitikisa mkia. Mke alipolalamika, aliambiwa atulie, sayansi inakuja.

Sayansi ikaja ndani ya kichupa cha wizi, mfukoni. Daktari alimwomba shemeji yake, kaka wa mkewe, aruke ukuta kama mwizi ili mbwa afundishwe ukali. Shemeji akaruka; mbwa akamlamba mikono. Daktari akapandwa na hasira, akamkalia mbwa mgongoni, akamkanyaga mkia, akamdunga pajani. Mbwa alilia kama mtoto. Shemeji akamwonea huruma, akampa kipande cha nyama.

Dawa ilifanya kazi barabara. Tangu siku ile shemeji akija hupokewa kama mfalme, ila mwenye nyumba akitokeza pua tu, mbwa humtolea meno yote. Miezi ikapita, hasira haikupoa. Alijaribu kumhonga maini; mbwa akala maini, akala na kipande cha suruali.

Mwishowe alimwendea yule mama mtafiti, akauliza kwa kuzungukazunguka kama ipo dawa ya kusahaulisha, kwa ajili ya panya mmoja mkorofi.

Mama aliitazama suruali iliyochanika. "Na huyo panya wako," akauliza, "anabweka?"

Wiki hiyohiyo Daktari aliondolewa maabara, na sasa anafyeka nyasi za chuo. Jioni husimama nje ya geti lake mwenyewe, akimpigia mkewe simu aje amshike mbwa. Mke huja, ila kwanza humaliza kula.