Majina ya Miyaa

Juzi nilikuwa najifundisha namba za heksadesimali. Kila tarakimu nne za sifuri na moja hupewa alama moja: 1010 ni A, 1011 ni B. Ghafla nikasikia harufu ya miyaa iliyochemshwa na rangi, yale majani ya mkindu ya kusukia mikeka, uani kwa shangazi kijijini Mwera.

Shangazi alikuwa haoni. Nikiwa mtoto nilimsomea mkeka wa zamani, miyaa minne minne, ili asuke mpya kama ule. Juu-chini-juu-chini iliitwa ngazi; juu-chini-juu-juu, jicho. Nikitaja jina, vidole vyake vilisuka minne ile. Mimi nilidhani ni majina ya kupamba kazi tu. Kwa hamu ya kwenda kucheza, nikawa nataja lolote lililonijia.

Mkeka huo mpya ulikuwa wa harusi ya binti yake, Zaina. Mama wa bwana harusi aliukunjua mbele ya wanawake.

"Mama Zaina, huu kasuka kuku?"

Walicheka sana. Shangazi aliupapasa taratibu, kisha akaniita.

"Mwanangu, ulinisomea ulichokiona?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi vidole vyangu vimekufa."

Akanituma nikaitie mekoni miyaa yote iliyobaki. Iliwaka vizuri.