Kwanza Fomu ya Polisi

Vénérande alikuwa muuguzi. Hilo lisemwe mapema, maana siku ile aliposema mwenyewe hakuna aliyemsikia.

Kwa miaka kumi na mmoja alifunga vidonda na kuzalisha kina mama kule Rumonge, Burundi, hadi vita vilipomng'oa yeye, mumewe Hatungimana na binti yao Ella. Walipokewa kambini, upande wa Kasulu. Lakini Hatungimana alikuwa fundi mitumbwi, na kambi ile haikuwa na hata kidimbwi. Wakaomba kibali cha siku kumi na nne, eti wanakwenda Kigoma kuona ndugu. Wakafika Katonga, ufukweni mwa ziwa, na hawakurudi. Mume akapata kazi ya kuchonga, mke akawa anaanika dagaa pamoja na Hidaya, mwanamke wa Ujiji ambaye wote walimwita Mama Safina. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, na mkimbizi aliyekutwa nje ya kambi alikuwa na kesi ya kujibu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, tezo, kishoka cha kuchongea, liliteleza kwenye ubao mbichi likamwingia Hatungimana pajani, kwa ndani, juu kidogo ya goti. Vénérande alisikia kelele akaacha dagaa zake. Alipoona damu inavyoruka kwa mapigo, hakulia. Alivua kitenge, akakisokomeza ndani ya kidonda na kukandamiza kwa ngumi mbili. Hakuziondoa tena. Walipakiwa kwenye gari la samaki vilevile, yeye akiwa amepiga magoti juu ya mumewe, Mama Safina akimpigia dereva kelele akaze mwendo.

Hospitalini waliwekewa machela mbele ya dirisha la kadi. Karani alikuwa mzee mmoja aitwaye Leodgar.

"PF3 iko wapi?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Ni kitu gani hicho?"

"Marahaba. Ni fomu ya polisi. Jeraha la chuma haliguswi bila fomu. Tutajuaje kama hakukatwa kwenye ugomvi?"

"Amejikata na tezo lake. Mzee, mshipa mkubwa umepasuka. Anahitaji dripu na mtu wa kumshona. Miye ni muuguzi."

"Muuguzi wa wapi?"

"Rumonge."

Leodgar alitazama khanga aliyofungwa haraka na Mama Safina, na magamba ya dagaa mikononi. "Polisi si mbali, mama. Nenda."

"Nikiondoa mikono atakufa."

"Basi aende ndugu mwingine."

Ndugu mwingine hakuwepo. Mama Safina akasema atakwenda yeye, na akaenda mbio, ndala mkononi. Alirudi baada ya kitambo kirefu, jasho likimtiririka, mikono mitupu.

"Mama Ella, nimegombana nao mpaka basi. Wanasema aje ndugu wa mgonjwa. Na kama ni Mrundi, aje na kibali cha kambi."

Kibali kilikuwa kimekwisha muda tangu mwezi wa tatu.

Mlango wa chumba cha vidonda ulikuwa wazi. Kutoka pale alipopiga magoti, Vénérande aliona chupa ya dripu imetundikwa, tayari, haina mgonjwa. Hatua tano, sita. Alivijua vyote vilivyokuwa mle ndani, kila kimoja na kazi yake. Alimwita mtu aliyepita na koti jeupe, hakugeuka. Akapiga kelele. Mlinzi akaja kumwambia hapa si sokoni.

Mabega yalikuwa yanawaka moto, na vidole havikuwa na hisia tena. Chini yake Hatungimana alikuwa amepauka, midomo imekauka.

"Nina kiu," alinong'ona kwa Kirundi.

"Ihangane," alimjibu. Vumilia. Neno hilo lilimchoma mwenyewe, kwa sababu ndilo waliloambiwa kila mahali tangu wavuke mpaka.

Saa sita na nusu ilipokaribia, akapita muuguzi mwingine, Muha wa Manyovu, aliyeitwa Sista Agnesi. Safari hii Vénérande hakuomba. Alitoa sauti ile aliyokuwa akiwatolea wanafunzi wake wa uuguzi kule Rumonge.

"Sista! Simama. Anapumua mbio, midomo imepauka, fahamu zinampotea. Anataka dripu mbili kwa sindano kubwa, sasa hivi."

Agnesi alisimama. "Wewe ni nani?"

"Weka mkono wako hapa kwenye wangu, utajua."

Agnesi akainama, akaweka. Alihisi damu inavyopiga chini ya kitenge. Hakuuliza tena. Alishika machela upande mmoja, Mama Safina upande wa pili, wakaisukuma ndani.

"Sista, fomu!" alipaza sauti Leodgar.

"Itamkuta ndani. Andika jina langu."

Hatungimana alishonwa, akaongezewa damu, akaishi. Lakini mguu ulikuwa umekosa damu kwa muda mrefu mno. Siku ya tatu ukawa mweusi, na wakaukata chini ya goti.

"Tumshukuru Mungu, roho imepona," daktari alimwambia Vénérande.

"Namshukuru. Lakini sikuulizi habari za Mungu, daktari. Nakuuliza habari za zile saa mbili pale dirishani."

Daktari aligeuza karatasi aliyoshika, akasema utaratibu ni utaratibu, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku ya nne PF3 ilifika. Askari aliileta mwenyewe hadi wodini, na baada ya kuijaza akauliza kibali. Wiki mbili baadaye walipandishwa lori, baba, mama na Ella, wakarudishwa kambini. Mama Safina aliwafuata hadi kwenye lori na mfuko wa dagaa, akawa anawafokea askari kwa Kiha na Kiswahili mpaka lori likaondoka.

Kambini Vénérande alikwenda zahanati kuomba kazi. Wakataka cheti. Cheti kilibaki Rumonge, kwenye nyumba iliyochomwa. Wakampa kazi ya kutafsiri: mgonjwa aseme kwa Kirundi, yeye aseme kwa Kiswahili, daktari ajibu, naye arudishe. Siku ya kwanza aliletwa mtoto ambaye yeye aliutambua ugonjwa wake tangu mlangoni. Akatafsiri maswali kumi na mawili, moja baada ya jingine, kabla daktari hajaufikia.

Jioni Hatungimana, aliyekuwa amekaa akichonga mwiko, alimuuliza kazi imekwendaje.

"Nimesema maneno ya watu siku nzima," akajibu, akachukua ndoo akaenda foleni ya maji.