Niliambiwa Nilishakuja Jana

Chuoni walitupa barua za kuombea nafasi za field na onyo moja: asiyepata ofisi ya kufanyia mazoezi hamalizi diploma yake ya sheria. Wenzangu walituma maombi kwa barua pepe, wakakaa nyumbani kuangalia simu. Mimi kusubiri siwezi. Mwalimu alishasema mawakili wa Kigoma hawasomi hizo. Nendeni wenyewe, vaeni nyeusi na nyeupe, msiombe kazi, semeni mtawasaidia nini.

Nikatunga sentensi yangu, nikaifanyia mazoezi chumbani, mlango nimefunga, kwa sauti ya chini: naweza kuwatafsiria wateja wenu wa Kalinzi wasiojua Kiswahili vizuri, Kiha nimezaliwa nacho. Sikumwambia mtu.

Ofisi ya kwanza ilikuwa Mwanga. Sekretari hakuacha hata kuchapa.

"Dada, si jana tumekwambia nafasi hakuna?"

"Jana sikuja. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Haya. Na leo pia hakuna."

Nikaona kachanganya tu. Sisi tunaotafuta nafasi tunafanana wote, sketi nyeusi, blauzi nyeupe, bahasha ya kaki.

Ofisi ya pili, mtaa wa Rusimbi, nikamkuta wakili kijana amesimama mlangoni kwake anatafuna karanga.

"Wewe una moyo," akasema. "Jana umetoka hapa umenuna, leo umerudi unacheka."

"Kaka, sio mimi."

"Pacha wako?"

"Sina pacha."

Akaacha kutafuna. Akaniangalia viatu, halafu uso, muda mrefu. "Basi mwambie huyo asiye pacha wako, nafasi zimejaa."

Nikaondoka. Jua lilikuwa kali lakini shingo yangu ilikuwa ya baridi. Darasani tulifundishwa kwamba hata shahidi mkweli anaweza kukosea sura ya mtu. Nikajirudia hivyo njia nzima mpaka Ujiji.

Ofisi ya mwisho ilikuwa huko chini karibu na ziwa. Maji yamepanda, yamekula barabara, na nyumba za mbele zimehamwa. Ukisimama unasikia maji yakipiga ukuta ndani kwenye vyumba vya watu. Wakili mwenyewe ni mzee. Aliponiona akanisogezea kiti kwa mguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umenisalimia Kiswahili. Jana ulisema mwakeye, kama bibi yangu."

Mimi mwakeye huwa namwambia bibi tu, asubuhi, nikienda kwake.

"Mzee, jana sikufika hapa."

"Ulikaa hapo hapo. Ukaomba maji, hukuyanywa."

Glasi ilikuwa bado dirishani, imejaa, mdudu anaelea juu.

"Ukaniambia unaweza kuwatafsiria wateja wangu wa Kalinzi wasiojua Kiswahili vizuri," akaendelea. "Kiha umezaliwa nacho."

Neno kwa neno.

"Sio mimi, mzee. Haki ya Mungu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Unakana mpaka mwisho. Huyu ndiye wakili. Nafasi ninayo moja tu, na nilishakupa jana moyoni. Anza Jumatatu."

Akagonga muhuri kwenye barua yangu. Nilikuwa nimeshakana mara mbili, na hiyo barua ndiyo diploma yangu. Nikaipokea. Wakati wa kutoka nilipita mbali na lile dirisha.

Jumatatu sekretari wa mzee akanifungulia, akaniingiza chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mteja alikuwa mama mmoja wa Kalinzi mwenye kesi ya shamba. Yeye anasema Kiha, mimi namwambia mzee kwa Kiswahili. Kazi ikakubali. Nikaanza hata kujisikia.

Mara nikamsikia sekretari kule nje.

"Karibu. He, wewe, si umeingia ndani sasa hivi?"

Halafu sauti ya msichana, ya chini, kama ile ninayotumia chumbani nikiwa nimefunga mlango.

"Mwakeye."

Mama wa Kalinzi akakatisha maneno yake. Akaniangalia mdomo. Ulikuwa umefumba.

Pazia likatikisika kidogo, na upepo haukuwepo. Mzee hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Mbona umenyamaza? Mama anasemaje?"

Nikamgeukia mama, nikamwomba arudie. Nikatafsiri, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, huku nimekalia barua yangu. Sikutoka kwenda kuangalia. Nafasi ilikuwa moja.