Ukanda wa Kupamba Niliorekodia Filamu ya Shule

Admin, nifichie jina, na mtaa ninaokaa usiutaje. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mke wa mtu, mzaliwa wa Likoni. Nawaandikia hasa kina mama wa Mombasa, maana mtu wa bara huenda asione kosa liko wapi. Nyinyi mtaliona. Msinihurumie mapema.

Mamangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na khalati yangu, dada yake mama. Khalati aliachika bila mtoto. Kaka yake aliyekuwa Uarabuni akamletea kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, na miaka hiyo ya tisini akawa ndiye mpiga video wa kupamba, ile shughuli ya wanawake peke yao bibi harusi anapoonyeshwa. Kuanzia Mtongwe mpaka Mishomoroni aliitwa yeye. Wanawake walivua mabuibui mbele yake, wakacheza nywele wazi, kwa sababu walijua kanda zake hufungiwa kabatini na hakuna mwanamume atakayewaona. Hiyo imani ndiyo iliyonilisha na kunisomesha.

Nikiwa kidato cha tatu, shule ya mchanganyiko, mwalimu wetu alitaka kila kundi litengeneze filamu fupi ya kutia hofu, darasa liitazame na kuijadili, kisha kila mmoja aandike tathmini: nini kilifaulu, nini kiliharibika na kwa nini. Yetu ilikuwa ya msichana anayefuatwa na mtu akitoka shule, na mtu mwenyewe haonekani, ni viatu vyake tu. Mwenzetu mmoja alivaa viatu vizito vya babake aliyefanya kazi depo ya mafuta Changamwe. Khalati alinipa kamera na ukanda mmoja mtupu, tukahangaika wiki mbili. Siku moja kabla ya kuonyesha, deki ya kuchezea video ikautafuna ule ukanda wote.

Ningemwambia. Wallahi ningemwambia tu, asingenila. Lakini niliogopa atasema sishiki tena kamera yake, na kundi zima lilikuwa likinitegemea mimi. Basi alipoingia kuswali alasiri, nikachukua ufunguo wa kabati chini ya mkeka wake wa kulalia, nikatoa ukanda wa kupamba kwa wiki iliyopita, na filamu tukaipiga upya juu yake jioni ile. Nilijidanganya kwamba mwanzo wake ni viti na maua tu, na kwamba filamu ikiisha nitaizima mimi mwenyewe.

Filamu ilitisha kweli. Viatu vilipofika mlangoni kwa yule msichana, wasichana wa mbele wakaziba macho. Ikaisha, mwalimu akageukia ubao aandike kilichotutia hofu, watu wakinyoosha mikono, na ukanda ukaendelea kwenda. Kioo cha televisheni kikajaa mistari, kisha vigelegele, kisha bibi harusi nywele wazi na wanawake wanacheza. Wavulana wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa nyuma. Nilijua ni nini kile kabla ya mtu yeyote, na ningeweza kukimbia nikaizima. Nikakaa. Niliona nikiinuka watajua nilikuwa najua. Aliyeinuka ni ndugu wa yule bibi harusi, mwanafunzi mwenzetu. Aliiziba televisheni kwa mwili wake, akawa analia.

Na tathmini niliandika. Kwenye sehemu ya makosa niliandika kwamba mwenye kamera alitupa ukanda bila kuukagua. Mwalimu akanipa alama nzuri, akasema nimechambua vyema.

Karatasi ile ndiyo aliyopewa shuleni babake bibi harusi, akaja nayo nyumbani. Akamsomea khalati sebuleni. Khalati akaniita, nikaitika abee, nikasimama pale. Mzee akaniuliza kama ni kweli. Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba khalati ndiye aliyenipa. Khalati alinitazama, kisha akamwambia mzee, "Ndiyo, nilimpa mimi. Nisameheni."

Mzee alipotoka, hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Ufunguo umeurudisha chini ya mto. Mimi huuweka chini ya mkeka." Basi. Mpaka leo hajalitaja tena.

Bibi harusi alirudishwa kwao miezi kadhaa kabla hawajapatana na mumewe. Khalati hakuitwa tena na mtu. Ilivuma kwamba anawaonyesha wanaume kanda za wake za watu. Akauza kamera, akakaanga viazi karai vya kuuza mpaka mimi nikamaliza shule. Akiingia kwenye shughuli ya wanawake, wenyewe huvuta mitandio wakajifunika. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi, na nikanywa chai yangu kimya kama mjinga.

Sasa binti yangu anaolewa, na mchumba ni mtoto wa yule mvulana aliyeiziba televisheni. Kwa hiyo bibi harusi wa ule ukanda ndiye shangazi yake. Shangazi huyo alinipigia simu wiki iliyopita, kwa adabu tu, akaniomba siku ya kupamba khalati asiwepo wanawake watakapovua mabuibui. Simu za wageni zitakusanywa mlangoni wasipige picha, lakini khalati ndiye wanayemwogopa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajibu inshallah.

Khalati alikuwa kando yangu, amesikia yote. Ana miaka zaidi ya sabini na tano, na gauni la siku hiyo alishalishona. Akaniambia, "Usijali mwanangu, nitakaa chumbani niwalindie wageni mikoba yao."

Kupamba ni Ijumaa hii. Nikisema, huenda posa ikavunjika na mwanangu hajui lolote. Nikinyamaza, mwanamke aliyenilea atafungiwa chumbani kwenye harusi ya mjukuu wake, kwa kosa langu. Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu kabla ya Ijumaa. Nifanyeje, jamani?